Maji ya Korogwe na Kisiwa cha Maziwe

Watu wengi wa Korogwe na Handeni huzaliwa, hukua na huzeeka bila ya kuiona bahari, ingawa si mbali sana nao. Mtoto wa huko akiulizwa habari za kasa, au za matumbawe, au za wageni watokao Ulaya kuja kutembea Pangani, hujibu, "Hayo ni mambo ya watu wa pwani." Jibu hilo halina kosa kwa mtu atazamaye njia za nchi kavu tu. Lakini maji nayo yana njia zake, wala hayajui mipaka ya wilaya.

Mtu akisimama kando ya mto Korogwe wakati wa masika, huona maji yamejaa, rangi yake kama chai iliyotiwa maziwa. Huo ndio Mto Pangani, ambao watu wa sehemu za juu huuita Ruvu. Maji yake yametoka mbali. Mengi yalianguka kama mvua katika misitu ya Kilimanjaro na Meru, yakakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakatambaa katika vinamasi vyenye matete, kisha yakapita chini ya milima ya Upare. Karibu na Korogwe huongezewa maji ya Mkomazi na ya Luengera, yatokayo upande wa Usambara. Na rangi ile ya chai si rangi ya maji. Ni udongo. Ni shamba la mtu fulani, lililolimwa kwa kufuata mteremko pasipo tuta wala majani ya kulizuia, nalo sasa linakwenda zake baharini na mwenyewe amelala.

Handeni ni nchi kavu kuliko Korogwe. Vijito vyake vingi hukauka kiangazi, na kina mama hutoka alfajiri kutafuta maji. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kubwa la kuchota maji ya mto Korogwe na kuyapandisha hata Handeni. Basi mtu wa Handeni anywapo maji ya bomba, anywa mto ule ule wa Pangani. Tena nchi yake inao mto wake, Msangazi, ambao hushuka mashariki na kuingia baharini peke yake, kusini ya Pangani.

Mathalani, abiria mmoja anapita Korogwe katika basi la kwenda Arusha. Vijana wamemwuzia maji ya chupa dirishani. Ameyanywa, na walipofika darajani ameitupa chupa nje. Chupa ile ya plastiki haizami wala haiozi. Yaanza safari, na ni vyema kuifuata.

Kwanza yapita penye mashamba ya mkonge. Mmea huu si wa nchi hii. Mwaka 1893 Mdachi mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani. Ilipitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mlango wa Mto Pangani, na kutoka hiyo 62 mashamba yakaenea hata yakaijaza nchi ya Tanga na Korogwe. Katika miaka ya 1960 nchi hii ilitoa katani zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na watu wa makabila mengi walikuja kutoka mbali kufanya kazi ya kukata majani. Mali ilipatikana, lakini haikukosa takataka. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi zinazotoka hazizidi kilo 5. Zinazobaki zote ni maji machungu na makapi mabichi, na kwa miaka mingi viwanda vilikuwa vikiyaacha yateremke mtoni. Makapi yakioza majini hula hewa ambayo samaki huivuta, na samaki hufa pasipo kuguswa na nyavu. Katika miaka ya 2000 huko Hale kulijengwa mtambo wa kuozesha makapi hayo katika matangi na kutoa gesi ya kuzalishia umeme. Huu ni mfano mzuri. Kilichokuwa sumu ya mto kimeonekana kuwa ni kuni ambazo hazikutambuliwa.

Baada ya hapo chupa huenda ikakwama Hale, penye kituo cha umeme kilichofunguliwa mwaka 1964, au chini yake kwenye maporomoko ya Pangani, ambapo kuna kituo kingine kikubwa zaidi. Itakaa hapo siku kadhaa. Mvua kubwa ikija, itavuka.

Hatimaye mto unatulia, unapanuka, na minazi yaonekana ng'ambo zote mbili. Hapo ni Pangani, mji wa kale wa misafara ya pembe za ndovu na, kwa huzuni, ya watumwa. Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wadachi mwaka 1888, alinyongwa katika mji huu mwezi wa Desemba mwaka 1889. Wageni wengi hufika kuyatazama majumba ya zamani na kusikia habari hizo. Lakini wenyeji wana habari nyingine ya kusimulia, nayo ni ya chumvi.

Mahali mto unapokutana na bahari pana mashindano yasiyokwisha. Mto unasukuma kwenda nje, bahari inasukuma kuja ndani. Mto ukiwa na nguvu, maji matamu hushinda. Ukipungukiwa, maji ya chumvi hupanda juu yake kila maji yajaapo. Tangu watu wa sehemu za juu walipozidi kuyachota maji kwa kumwagilia mashamba na kwa kuyaweka katika mabwawa, mto ufikao Pangani umepungua. Wakulima wa kando ya mto wameona chumvi ikiingia katika mashamba ambayo baba zao walipanda mpunga na minazi. Hakuna aliyetenda jambo hilo kwa kusudi baya. Mwenye shamba la vitunguu huko bara hamjui mwenye mnazi wa Pangani, na wala hawatasalimiana maisha yao yote. Hata hivyo mmoja akinyosha mkono, mwenziwe hupungukiwa.

Katika mlango wa mto imesimama mikoko. Miti hii hukua katika tope la chumvi ambamo miti mingine ingekufa, na mizizi yake husimama nje kama miguu ya buibui. Kati ya mizizi hiyo kamba na samaki wadogo hujificha hata wapate nguvu ya kwenda kilindini. Tena mikoko huzuia mawimbi yasile nchi, na huukamata udongo uletwao na mto, ukatua hapo badala ya kwenda mbele. Watu wa kale waliijua thamani ya boriti za mkoko katika kujenga nyumba, wakazikata na kuziuza hata Uarabuni. Siku hizi kuikata bila kibali cha Serikali ni kosa, maana imeonekana kwamba mti uliosimama hulisha watu wengi kuliko boriti iliyolala juu ya dari.

Lakini mikoko haiwezi kuushika udongo wote. Mwingine huvuka, na mbele yake ni matumbawe. Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Sivyo. Ni nyumba iliyojengwa na wadudu wadogo wa baharini, maelfu kwa maelfu, ambao huishi kwa kushirikiana na mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo yahitaji jua, kwa hiyo tumbawe hukua katika maji maangavu tu. Matope yakifunika maji, jua halifiki. Yakitua juu ya tumbawe, wale wadudu huzibwa pumzi. Tumbawe likifa samaki huhama, kwa kuwa hawana tena maficho wala malisho. Tope la Korogwe linaweza kufanya polepole kazi ile ile ambayo baruti hufanya kwa dakika moja.

Na baruti zilipigwa sana katika pwani ya Tanga. Mvuvi mvivu alitupa chupa yenye baruti baharini, samaki wakubwa kwa wadogo wakaelea, akaokota wachache, wengine wakazama na kuoza. Tumbawe lililojengwa kwa miaka mingi likawa kifusi. Tendo hilo limekatazwa na sheria, na ni la aibu pia. Tangu mwaka 1994 hata mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kuitunza pwani ya Tanga, ambao ndani yake vijiji vilipatana na Serikali kufunga baadhi ya miamba isivuliwe, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Mmoja wa miamba hiyo ni ule wa Maziwe.

Maziwe ni kisiwa, au afadhali kusema kilikuwa kisiwa. Kipo katika bahari ya Pangani, yapata kilometa 8 kutoka pwani. Wazee wanakumbuka kilivyokuwa na miti ya mivinje, yenye kivuli kizuri, na wavuvi walipumzika chini yake. Katika miaka ya 1970 wataalamu walikitaja kuwa mahali pakubwa kuliko pote nchini kwa kasa kutaga mayai. Mwaka 1975 Serikali ikakitangaza kuwa hifadhi ya bahari. Lakini miti yake ilikuwa imekatwa na iliendelea kukatwa. Ilipokwisha, mchanga ulikosa wa kuushika. Mawimbi yakala upande mmoja, kisha mwingine, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 maji yakijaa kisiwa kilifunikwa chote. Siku hizi maji yakipwa huonekana fungu la mchanga mweupe, lisilo na mti wala jani, na baada ya saa chache halipo.

Watu wa bara wakisikia habari hii hustaajabu kwamba nchi yaweza kupotea kwa sababu ya miti. Wasistaajabu sana. Kisiwa ni kidogo, kwa hiyo kupotea kwake kulionekana katika umri wa mtu mmoja. Kilima cha Handeni ni kikubwa, nacho hubebwa kidogo kidogo.

Sasa, kasa hawana habari kwamba kisiwa kimezama. Kasa jike hukua baharini miaka 20, 30 au zaidi, kisha hurudi kutaga katika sehemu ile ile ya pwani alikozaliwa. Hufika usiku, hupanda mchangani kwa taabu, huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, huyafukia na kurudi majini bila ya kuyaona tena. Basi kasa wa Maziwe waliendelea kuja, na wakataga juu ya fungu la mchanga ambalo maji ya kujaa yangelifunika. Yai la kasa likifunikwa na maji ya bahari kwa muda, mtoto aliye ndani hufa.

Ndipo watu wa kijiji cha Ushongo, ng'ambo ya Maziwe, wakaanza kazi ya kuyahamisha mayai. Si kazi ya haraka haraka. Mayai yafaa kuhamishwa mapema baada ya kutagwa, tena bila kugeuzwa juu chini, kwani mtoto wa kasa hujishikiza upande mmoja wa yai, na akigeuzwa hufa. Hubebwa kwa mashua, hufukiwa katika mchanga wa pwani ya Ushongo juu ya mpaka wa maji, kwa kina kile kile alichochimba mama yao, na kiota huwekewa alama na tarehe. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka. Jambo la ajabu ni kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga ukiwa na joto zaidi hutoka majike wengi, ukiwa baridi zaidi hutoka madume. Kwa hiyo hata kivuli cha mti wa pwani kina kazi katika ukoo wa kasa.

Wageni nao hufika hapo. Wengine wamesafiri kutoka Ujerumani, au Uingereza, au Dar es Salaam, ili waone watoto wa kasa, wasiotoshea kiganja cha mkono, wakienda baharini kwa mara ya kwanza. Hulipa ada, hukodi mashua, hula samaki waliopikwa kijijini, hulala katika nyumba za wageni. Mwanafunzi wa Handeni akifika hapo na kumwamkia mlinzi mzee wa viota, mazungumzo yao huweza kuwa hivi:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watokea wapi?"

"Natokea Handeni, babu."

"Handeni! Karibu sana. Basi umekuja kuutazama udongo wenu."

"Udongo gani, babu? Mimi naona mchanga tu."

"Huu mchanga ni wetu. Ule mstari wa maji mekundu kule mbele, uliotoka mtoni jana baada ya mvua, ndio wenu. Kila mwaka mwatuletea. Leo umekuja mwenyewe, nimefurahi."

"Babu, na haya mayai, zamani hamkuyala?"

"Tulikula, mwanangu, na kasa mwenyewe tulimla. Kiota kimoja ni chakula cha siku moja. Lakini mgeni akija kukitazama huacha fedha, na mwakani huja mwingine, na kasa huyo huyo akiishi atarudi kutaga tena. Mimi sikusoma sana, ila hesabu hiyo niliiweza."

Hesabu ya mzee ni ya kweli, lakini ina sharti moja, yaani mgeni afundishwe mwenendo. Mgeni hufika hajui kitu. Hana habari ya bamvua wala maji mafu. Hajui kwamba maji hujaa na kupwa yakichelewa yapata dakika 50 kila siku, na kwamba fungu la Maziwe halionekani ila kwa saa zake. Nahodha asiyemweleza humpeleka kutazama maji matupu, kisha hugombana juu ya nauli. Mgeni hudhani tumbawe ni jiwe, hulikanyaga, na alama ya mguu wake hubaki miaka. Huwasha taa kali usiku, naye kasa jike aliyekuwa akipanda hugeuka na kurudi majini bila kutaga. Hata watoto wa kasa, ambao huifuata nuru ya anga juu ya bahari, huifuata taa ya mgahawa na kukutwa asubuhi wamekauka barabarani. Hutaka kununua kombe kubwa aliloliona sokoni, au kitana cha gamba la ng'amba, kumbe biashara ya ng'amba imekatazwa na kombe lile lilitolewa likiwa hai.

Kumsaidia mgeni, basi, si kumbebea mzigo tu. Kijana mwenye kujua majina ya samaki na ya miti, mwenye kuweza kusema kwa adabu, "Bwana, hapa hatukanyagi," na kueleza sababu, ana kazi ya heshima kuliko yule amwachiaye mgeni afanye apendavyo kwa kutumaini bakshishi. Nahodha mwema hatii nanga juu ya mwamba. Hufunga mashua kwenye boya, au hutafuta penye mchanga. Na Serikali nayo imesaidia kwa sheria: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, hata wageni waliambiwa wasije nayo. Sababu yake ni nyingi, na moja ni kwamba mfuko ukielea majini hufanana na kiwavi cha baharini, ambacho kasa hupenda kukila. Kasa akiumeza, matumbo huziba.

Lakini chupa haikukatazwa, na ile ya Korogwe sasa imefika. Imetolewa na mto pamoja na matawi na magugu, mkondo umeichukua kusini, na imelala juu ya mchanga wa Ushongo. Mgeni aliyelipa fedha nyingi anaiona kabla ya kuona kasa.

Tena si Korogwe peke yake. Katika nyika ya Handeni moshi mwembamba huonekana ukitoka chini ya udongo, mahali tanuri la makaa linapoungua. Mkaa wa Handeni huuzwa Tanga na Dar es Salaam, na mwenye kuuchoma kwa kawaida si tajiri. Ana watoto, ada, na mwaka wa njaa nyuma yake. Asihukumiwe upesi na mtu apikaye kwa mkaa huo huo mjini. Hata hivyo hasara ni kubwa, maana kupata kilo 1 ya mkaa kwa tanuri la udongo huteketeza kuni kilo 5, na mara nyingi zaidi. Kilima kilichochomwa hakina mizizi. Mvua ikipiga, Msangazi huwa mwekundu, na pwani ya kusini ya Pangani huletewa tope.

Wazigua wa kale hawakuwa bila ya akili katika jambo hili. Walitenga vijisitu ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kukata mti: penye makaburi ya wakubwa, penye chemchemi, penye matambiko na jando. Wataalamu waliochunguza Handeni katika miaka ya 1990 walivikuta vingi, vingine vidogo kuliko uwanja wa mpira, vikiwa bado na miti mikubwa katikati ya mashamba. Wenye kuvilinda hawakuwa na bunduki wala karatasi ya Serikali. Walikuwa na miiko, na wazee wa kuikumbusha. Hata mtu asiyeshika tena matambiko hayo huchota maji ya chemchemi iliyosalimika kwa ajili yake. Nyuki nao hukaa humo, na asali ya Handeni ina sifa. Mwenye mizinga ana sababu ya kuuacha mti usimame, na sababu hiyo humrudia kila msimu.

Mkulima wa Korogwe aweza kuuliza, na swali lake si la ukaidi: "Wageni hulala Ushongo, hulipa Pangani, huenda Saadani kutazama tembo karibu na bahari. Mimi nikiacha kulima ukingo wa mto, nani atanilipa?" Ni kweli, fedha za wageni hazipandi mto. Hifadhi ya Saadani, iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo pekee ya Tanzania bara inayogusa Bahari ya Hindi, nayo huleta watu wengi. Lakini basi la watalii likipita Korogwe husimama kwa dakika za kununua machungwa tu. Wachache hupanda msitu wa Amani kuliona ua la zambarau, ambalo Saint Paul-Illaire alilipata katika nchi ya Tanga mwaka 1892, na ambalo limejaa madirishani kwa watu wa Ulaya wasiojua kwao ni wapi. Zaidi ya hapo mkulima hana fungu.

Kwa hiyo jibu la swali lake halitoki pwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, katika mita 60 za ukingo wa mto. Na mkulima akiipima kwa jembe lake mwenyewe, ataona kwamba ule udongo unaoliua tumbawe ndio ule ule uliokuwa ukilisha mahindi yake. Ulikuwa tabaka la juu, jeusi, lenye rutuba. Akipanda majani ya tembo kwenye kingo, akilima kwa kukata mteremko, akiacha kamba ya miti kando ya maji, huubakiza shambani. Mwaka wa kwanza ataona amepoteza mistari kadhaa ya mahindi. Mwaka wa tatu jirani atakuja kuuliza alitia mbolea gani. Mtu wa Pangani hatajua jina lake, wala hatatuma shukrani, ila mto utapita kwake umepungua wekundu kwa kiasi cha shamba moja.

Jioni, jua likielekea kuzama nyuma ya minazi ya Ushongo, mlinzi huenda penye kiota kilichotimiza siku zake. Wageni husimama mbali kidogo, kila upande, wakiacha njia katikati. Mzee huuondoa mchanga kwa vidole, na mtoto wa kasa wa kwanza hutoa kichwa, mweusi, macho yamejaa mchanga. Kisha wa pili, kisha kumi pamoja. Hawaongozwi na mtu. Hutambaa wakianguka katika nyayo za watu na kupanda tena, na mmoja hukuta chupa imelala mbele yake. Huipanda, huteleza, hujaribu tena. Mwanafunzi wa Handeni huiokota ile chupa na kuisoma maandishi yake. Yale mengine yamefutika, lakini jina la kinywaji bado laonekana, ni kile kile kinachouzwa dirishani Korogwe. Kasa amekwisha kufika penye mchanga mbichi. Wimbi laja, lamwinua, na alipokuwapo pabaki mstari mwembamba ambao wimbi la pili laufuta. Katika elfu moja huenda mmoja tu akaishi hata akawa mkubwa; na akiwa ni jike, na pwani ikiwapo, atarudi hapa kutaga wakati mwanafunzi huyo amekwisha kuwa na watoto wa shule.